Uzi wa Idhini

1

Asubuhi ile mashine mpya, Mtambuzi, alipomaliza kazi yake ya kwanza, watu wa chumba cha uendeshaji cha Bwawa la Lunyere walisimama wakapiga makofi. Tusajigwe Mwalukasa, mhandisi ambaye kwa kawaida hakupenda kutazamwa, siku hiyo aliwaacha wamtazame.

Alikuwa na haki yake. Programu iliyoendesha bwawa lile na mabwawa yote ya mto haikuwa imeguswa na mkono wa mtu kwa miaka mingi. Iliandikwa na mashine, ikarekebishwa na mashine, usiku na mchana, mpaka hapakuwa na binadamu aliyeweza kuisoma yote, hata angepewa umri wa kobe. Kilichobaki mikononi mwa watu ni nyuzi. Waliziita hivyo kwa sababu kila mmoja ulipita katikati ya programu nzima, ukishika hapa na pale. Kulikuwa na uzi wa kuweka kumbukumbu, na uzi wa kuzuia wezi wa mtandaoni. Na ulikuwapo mmoja ulioheshimiwa kuliko yote, Uzi wa Idhini. Popote ulipofungwa, mashine ilipaswa kusimama, iwaulize watu watakaoguswa na jambo inalotaka kulifanya, kisha isubiri jibu lao. Sheria hiyo iliandikwa mara moja, mahali pamoja, nayo ikatawala maelfu ya mahali.

Taabu ilikuwa kwenye mafundo. Nyuzi za zamani zilishika sehemu za programu kwa majina. Ukisema uzi ufungwe kwenye kila kinachoitwa kata-maji, ulifungwa. Kesho yake mashine ikiona heri sehemu ileile iitwe punguza-mgao, fundo liliteleza kimyakimya wala hapakulia kengele. Maji yangekatwa kwenye wodi ya wazazi bila mtu kuulizwa, ndipo wahandisi waanze kukimbizana. Tusajigwe aliumalizia ujana wake katika kukimbizana huko.

Mtambuzi, mashine aliyoitengeneza yeye, hakujali majina. Alifundishwa kwa maamuzi ya mafundi wa nyuzi waliotangulia, fundo kwa fundo, hapa walifunga, hapa waliacha, mpaka akajua kuitambua sehemu ya programu kwa kazi yake: inaita nini, inaitwa na nani, na ikishapita ni kitu gani hakirudi tena kama kilivyokuwa. Kazi iliyokuwa ikiwachosha wahandisi ukumbi mzima kwa msimu mzima, aliimaliza kabla chai haijapoa.

"Tusa, umetutua mzigo," alisema Mhandisi Danford Nyagawa, mkurugenzi wa uendeshaji, mwanamume mrefu aliyeota mvi mapema. "Nimeishi kuona nyuzi zote zimeshika kwa siku moja. Sikutegemea."

"Zimeshika zote, Mkurugenzi. Ila kuna fundo moja ambalo Mtambuzi anatuuliza."

Kwenye skrini kubwa, katikati ya alama za kijani, ilikuwapo moja ya manjano. Mtambuzi alikuwa akipendekeza fundo jipya la Uzi wa Idhini mahali ambapo hapajawahi kuwa na fundo: Mlango wa Itulo.

Kila mtu mle ndani aliujua mlango huo. Ziwa la bwawa likijaa kupita kiasi, mashine iliufungua, na maji ya ziada yakamwagikia bonde la Itulo badala ya kuushukia mji wa Luhombo ulio chini ya ukuta.

Nyagawa alikunja uso. "Hapo hapajawahi kufungwa kitu."

"Najua."

"Basi amekosea. Mwandikie 'kosa' tuendelee na sherehe."

Tusajigwe hakuandika. Aliketi akasoma sababu za Mtambuzi moja baada ya nyingine. Bwawa lilipojengwa, Itulo lilikuwa bonde la nyasi tupu, na kufungua mlango ule ilikuwa sawa na kumwaga maji kwenye beseni. Baadaye watu wakahamia. Kila walipoongezeka, mashine iliongeza kitu kwenye sehemu ile ya programu: mara ihesabu nyumba, mara ipige ving'ora, mara ikadirie mazao yatakayopotea. Jina halikubadilika hata herufi. Kazi yake ndiyo iliyobadilika, na sasa ilifanana na sehemu zile zote ambazo mafundi wa zamani, bila kusitasita, walifunga Uzi wa Idhini.

"Hajakosea," alisema. "Sisi ndio hatukuangalia."

Nyagawa aliwaomba wengine watoke kidogo. Walipobaki wawili alivuta kiti.

"Nilipokuwa bado kijana," alisema, "nilikuwa zamu kwenye bwawa lingine, la zamani, lilikwisha kubomolewa. Mvua ikaja. Nilikuwa na kitufe mkononi na simu sikioni, nasubiri ruhusa ya wakubwa. Nilisubiri mpaka maji yakapita juu ya ukuta, na chini ya ukuta kulikuwa na watu. Tangu siku hiyo niliapa kwamba mlango wa mafuriko hauulizi mtu. Unafunguka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkurugenzi."

Na kweli alimwelewa. Hilo ndilo lililomtesa njia nzima akirudi nyumbani.

2

Kesho yake alitengeneza nakala ya Mtambuzi, akaiandikia ile alama ya manjano neno moja: kosa. Alitaka tu kuona itakuwaje.

Kumfundisha Mtambuzi hakukuwa kama kupiga msumari kwenye ubao mmoja. Alichoelezwa mahali pamoja alikipeleka kila mahali panapofanana napo. Nakala ile ilijifunza upya, kisha ramani ya nyuzi ikaanza kubadilika mbele ya macho yake. Fundo lililolinda visima vya wafugaji wa juu lilififia. La zahanati ya ng'ambo likafuata. Kisha daraja la chini, kisha mabomba ya shule za bweni. Popote ambapo watu wachache waliweza kuumizwa ili wengi wasalimike, mashine ilikuwa imejifunza kwamba hapo haiulizwi ruhusa.

Alimwita Nyagawa akamwonyesha. Mkurugenzi alisimama mbele ya skrini muda mrefu, mikono mfukoni.

"Sikutaka hivi," alisema hatimaye. "Basi usimfundishe lolote. Mlango wa Itulo uutoe wewe kwa mkono. Mwambie auruke, kwa jina lake, basi."

"Kwa jina?" Tusajigwe alitabasamu bila furaha. "Tutakuwa tumerudi kulekule tulikotoka. Na siku mashine ikibadilisha jina?"

Nyagawa alitoa mikono mfukoni.

"Nipe ruhusa niende Itulo," alisema Tusajigwe. "Nikawaulize kabla hatujaamua kama wanafaa kuulizwa."

Nyagawa alimruhusu. Mwenyekiti wa kijiji cha Itulo alikuwa daktari wa mifugo, Zamoyoni Ligunda, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Alimkaribisha Tusajigwe kwenye ofisi yake iliyonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tusajigwe alimwamkia, akapewa kiti na kikombe cha maziwa ya mgando, kisha akaeleza kila kitu bila kuficha. Dokta alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe miaka yote hii," alisema, "mlango ule ungeweza kufunguka bila mtu kutuuliza."

"Ving'ora vingelia, Dokta. Mngepata muda wa kupanda vilimani."

"King'ora si swali, mwanangu."

Tusajigwe aliinamisha kichwa.

"Sasa niambie jingine. Mkituuliza, tukasema hapana?"

Tusajigwe alikiri kwamba hilo halijui. Dokta Ligunda alicheka kidogo, akammiminia maziwa mengine.

"Unadhani tutawaacha watu wa Luhombo wafe maji? Wanangu wawili wanaishi kule. Binti yangu ana duka sokoni. Tutasema ndiyo kabla hamjamaliza kuuliza. Lakini kama hapana yetu haina kazi, msituulize. Mtakuwa mnatupotezea muda tu, na kutudhihaki juu yake."

Njiani kurudi Tusajigwe alizima redio ya gari. Alimfikiria Nyagawa na kitufe chake. Alimfikiria mwanamke yule na binti mwenye duka. Alipofika aliingia moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi.

Walibishana hadi jua likageuka. Mwishowe Nyagawa alikubali fundo lifungwe, kwa sharti moja. Ziwa likifika mstari mwekundu wa hatari, uzi uweze kukatwa kwa viganja viwili vikiwekwa pamoja kwenye bamba, chake yeye na cha Tusajigwe.

"Siku hiyo ikifika," alisema, "nitakuamuru uweke mkono."

"Ikifika tutaona, Mkurugenzi."

Alifunga fundo mwenyewe. Alama ikageuka kijani.

3

Mvua ilianza juu milimani, mahali ambapo watu wa bwawani hawakuiona. Mito midogo yote ilifurika kwa wakati mmoja, na ziwa likaanza kupanda mchana kweupe, huku jua bado linawaka juu ya Luhombo. Ilipofika alasiri mawingu yalikuwa yamefika, na chumba cha uendeshaji kikawa na giza la ghafla mpaka taa zikawashwa.

Mashine ilipiga hesabu, ikaona lazima Mlango wa Itulo ufunguliwe. Ikafika kwenye fundo. Ikasimama.

Hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuona kitu hicho wakati wa mafuriko. Mashine iliyozoea kuamua kabla mtu hajapepesa jicho ilisimama kimya, ikauliza. Swali lilikwenda Itulo kwenye simu ya mwenyekiti na za wajumbe wake: maji yanahitaji kupita kwenu, mji wa Luhombo uko hatarini, je, mnakubali?

Jibu lilirudi kwa sauti, kupitia spika iliyokuwa ukutani, na nyuma yake zilisikika kelele za ng'ombe.

"Bado," alisema Dokta Ligunda. "Mnanisikia? Msifungue. Leo ni siku ya chanjo. Kijiji kizima kiko joshoni, na josho liko chini kabisa, kwenye mkondo wenyewe."

Tusajigwe alitazama ramani. Kwa hesabu ya mashine, watu wa Itulo walikuwa majumbani mwao, kwenye miteremko, mahali salama. Kila nyumba ilikuwa na nukta yake. Josho, mahali pa kuogeshea ng'ombe, halikuwa na nukta hata moja.

"Dokta, mnahitaji muda gani?"

"Muda wa kuwapandisha. Wazee wapo, watoto wapo. Nitakwambia."

Nyagawa alikuwa tayari kwenye simu nyingine, akiamuru ving'ora vya Luhombo vipigwe na watu wa soko la chini, kando ya mto, waondoke. Kisha akaja kusimama kando ya bamba la kukatia uzi. Ziwa lilikuwa limegusa mstari mwekundu. Aliweka kiganja chake. Nusu ya bamba ikawaka.

"Tusa. Weka mkono."

"Kuna watu joshoni, Mkurugenzi."

"Na huku kuna mji. Maji yakipita juu ya ukuta, ukuta hautastahimili. Nimewahi kuyaona haya, wewe hujayaona. Weka mkono. Hii ni amri."

Alijua mkurugenzi wake hasemi uongo, wala si mtu katili. Kama ukuta ungevunjika, watu wa Luhombo wangemuuliza yeye, na angewajibu nini? Kwamba alisubiri ng'ombe wachanjwe? Aliutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Siwezi kuwaua watu ninaojua waliko," alisema, "kwa hofu ya jambo ambalo bado halijatokea. Acha tupunguze uzito wa ziwa upande huu. Tufungue nusu ile milango ya mto, inayotoa maji kuelekea Luhombo."

"Soko la chini litazama."

"Si umeshawaamuru watoke?"

Nyagawa alimwangalia. Kiganja chake hakikuondoka kwenye bamba. Lakini kwa mkono wa pili alibofya, na milango ya mto ikafunguka nusu. Maji yalinguruma chini yao, sakafu ikatetemeka. Kwenye kamera ya Luhombo waliona mto ukivimba, ukaingia sokoni, ukabeba meza, magunia, mwavuli mmoja mkubwa wa mwuza matunda. Watu walikuwa wamesimama juu, kwenye ngazi za ghorofa, wakitazama mali yao ikienda.

Ziwa halikushuka. Lilisimama palepale, likilamba mstari, na mara nyingine wimbi liliuvuka. Tusajigwe alikuwa akisali bila kujua kwamba anasali.

Spika ikakwaruza.

"Tumepanda," alisema Dokta Ligunda akihema. "Wote. Tumehesabiana kaya kwa kaya. Ng'ombe wengine tumewaacha. Fungueni sasa. Tumekubali, fungueni."

Uzi ulilegea wenyewe. Mlango wa Itulo ukafunguka, na ziwa likaanza kushuka taratibu, kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima. Kwenye kamera ya bonde, waliona maji yakilikuta josho. Lilikuwapo, kisha halikuwapo.

Nyagawa aliondoa kiganja kwenye bamba. Alama ya jasho ilibaki pale.

4

Tume ya uchunguzi ilikaa Luhombo, kwenye ukumbi wa shule. Ukuta wa bwawa ulikuwa umepata ufa wa kutisha, soko la chini lilikuwa matope matupu, na wafanyabiashara walikuja kwa wingi wakiwa na hasira yao. Hawakuwa na maiti wa kumlilia. Walikuwa na maduka yaliyokwisha, na hilo si dogo kwa mtu aliyeanza na beseni moja la nyanya.

Tusajigwe aliulizwa kama alikataa amri. Akasema alikataa. Aliulizwa kama alijua ukuta ungestahimili. Akasema hakujua. Minong'ono ikapita ukumbini.

Ndipo akaitwa Nyagawa. Tusajigwe aliinama, akijua atakachosikia.

"Ni kweli niliamuru," alisema Nyagawa. "Kiganja changu kilikuwa pale. Kama angeweka chake, uzi ungekatika na mlango ungefunguka. Nimekwenda Itulo kupaona mahali lilipokuwa josho. Maji yale yasingemwacha mtu. Na mimi jioni ile ningerudi nyumbani nikajiambia nimefanya kazi yangu vizuri, kwa sababu katika hesabu yangu hapakuwa na mtu pale. Kwa kuwa tuliuliza, tuliambiwa. Hakuna chombo chochote nilichonacho ambacho kingeniambia."

Kisha akaongeza bila kumtazama yeyote, "Huyu ndiye mhandisi wangu. Mkimwondoa, mniondoe na mimi."

Mama mmoja mwuza vitenge aliinuka nyuma ya ukumbi. "Itulo waliulizwa," alisema. "Sawa. Na sisi wa sokoni, nani alituuliza?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Tusajigwe. Alisimama tena, ingawa hakuwa ameitwa.

"Hakuna aliyewauliza, mama," alisema. "Mlipigiwa king'ora tu. Jana Mtambuzi aliiwekea milango ya mto alama ya manjano. Nilitaka tume imalize kwanza. Sasa sitangoja. Nitafunga fundo leo."

Wafanyabiashara walilipwa, si wote na si kwa haraka. Ufa wa ukuta ulizibwa. Fundo la Itulo likabaki, na mafundi wa nyuzi kutoka mito mingine wakaanza kuja Lunyere kujifunza, wakiwa na mikoba yao na maswali yao, nao Tusajigwe akawafundisha bila kuficha kitu. Alipoulizwa Mtambuzi ni nini hasa, alisema ni mwanafunzi mzuri, na kwamba mwanafunzi mzuri ni hatari kama mwalimu wake ni mwongo.

Mvua zikapita. Mpunga wa Itulo uliosalia ukavunwa, na ule udongo mpya ulioletwa na mafuriko ukawa umeuzidishia neema. Siku moja mitambo ya umeme ilihitaji kusafishwa, na wakati imezimwa njia rahisi kuliko zote ya kuyatoa maji ilikuwa kuyamwaga kidogo bondeni Itulo. Hapakuwa na hatari kwa yeyote. Mashine ilifika kwenye fundo, ikasimama, ikauliza.

Jibu la Itulo lilikuja mara moja: Hapana. Mpunga uko uwanjani, unakauka.

Vijana wa zamu waligeukia meza ya mkurugenzi. Walishawahi kuona ndiyo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona hapana, na hawakujua itakuwaje. Mlango wa Itulo ulibaki umefungwa. Nyagawa alisoma jibu lile, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akavuta kiti na kuanza kupanga njia nyingine, ndefu zaidi, ya kuyatoa maji yale kidogo kidogo kupitia mtoni, baada ya kuwauliza Luhombo.

Simu yake ikaita. Ilikuwa kutoka wizarani, wakitaka kujua kwa nini umeme utachelewa kurudi. Tusajigwe, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alisimama.

"Kijiji kimekataa, mheshimiwa," Nyagawa alisema. Alisikiliza kidogo. Mgongo wake ulinyooka kwenye kiti, na sauti yake ikawa ya mzazi anayetaja jina la mwanawe aliyefaulu. "Ndiyo, mheshimiwa. Hapa kwetu wanaweza kukataa."